MAMA WA KAMBO AMZIMIA MTOTO WA MUMEWE, DUNIA YASHUHUDIA LAIVU!

NI kashfa iliyobomoa ukoo mzima. Mke halali wa mfalme, mama mwenye heshima zake, kamzimia kijana ambaye mumewe alizaa na mwanamke mwingine. Kavumilia, kakonda, kakataa kula. Siku zinaletwa habari kwamba mumewe kafia safarini, akaona sasa liwalo na liwe, akammwagia kijana yote yaliyo moyoni. Kijana akaruka kimanga. Mara, bila hodi, mzee huyo anarudi nyumbani, mzima wa afya!

Mpaka jua linatua siku hiyo, maiti ni tatu. Mmoja kajitosa baharini, mmoja kaburutwa na farasi wake mwenyewe mpaka hatambuliki, na wa tatu kanywa sumu akafia mbele ya mumewe.

Usiulize ni mtaa gani, msomaji wangu. Si Sinza wala Magomeni. Hiki ni kisa cha Wagiriki wa kale, kilichoandikwa upya na Mfaransa Jean Racine mwaka 1677 katika mchezo wa jukwaani unaoitwa Phèdre. Na Alhamisi ya tarehe 25 Juni, 2009, kisa hicho cha kale kilifanya jambo ambalo hakikuwahi kulifanya tangu kitungwe. Waigizaji walikuwa wanaigiza jukwaani London, kwenye jumba la National Theatre, na wakati uleule watu walikuwa wamekaa kwenye majumba ya sinema, miji mingine kabisa, wanawatazama laivu kwenye skrini kubwa. Hakuna mkanda wala kurudia. Mwigizaji akikosea London, aliyeko sinema anaona amekosea.

Hiyo ndiyo siku ulipozaliwa mpango unaoitwa National Theatre Live, ambao umewaonyesha mamilioni ya watu michezo ya jukwaani bila kukanyaga London.

Kwa taarifa yako, usiku uleule, kwenye saa 4 na nusu kwa saa za London, Michael Jackson alifariki dunia kule Los Angeles. Kwa hiyo waliotoka sinema wakimlilia malkia wa kwenye hadithi, walifika nyumbani wakakuta msiba wa mfalme wa kweli wa muziki. Ulikuwa usiku wa machozi kwelikweli.

KISA CHENYEWE

Kabla hatujaingia kwenye mitambo, tukae sawa kwenye kisa, maana usipokijua hutaelewa watu walifuata nini.

Phèdre ni mke wa Theseus, mfalme wa Athens, mzee wa vita na mzee wa wanawake vilevile. Theseus ana mtoto wa kiume kwa mwanamke mwingine, anaitwa Hippolytus. Kijana mtanashati, mwindaji, hana habari na mapenzi. Phèdre alipomtia machoni tu, ikawa basi. Kwa kuona aibu, akajifanya anamchukia kijana, akamfanyia visa mpaka akafukuzwa nyumbani. Lakini wapi! Moto ukifunikwa na pumba hauzimiki, unafukuta.

Ana yaya wake aliyemlea tangu utotoni, bibi anayeitwa Oenone. Huyu bibi ndiye kila kitu. Theseus anaporudi, Phèdre kapigwa na bumbuwazi, bibi anampa ushauri wa kishetani: wahi wewe kushtaki kabla hujashtakiwa. Bibi mwenyewe anakwenda kumwambia mfalme kwamba kijana wako alitaka kumvunjia heshima mkeo.

Mzee kwa hasira hata hachunguzi. Anamwapiza mwanawe, anamwomba mungu wa bahari Neptune amwangamize. Phèdre moyo unamsuta, anatoka kwenda kusema ukweli. Njiani anapata habari kwamba yule kijana aliyemkataa kumbe anapenda, tena anampenda binti mdogo anayeitwa Aricia, wa ukoo wa maadui. Wivu unamkaba koo, mdomo unafunga. Anamwacha kijana aende akafe.

Hapo ndipo ubaya wote ulipo. Si kwamba alipenda asipopaswa, maana moyo hauna kamba. Ni kwamba alikuwa na neno moja la kumwokoa mtu, akalimeza kwa wivu. Wangapi mtaani kwetu wamemeza neno la namna hiyo?

Michezo ya aina hii Waswahili wa vitabuni wanaiita tanzia. Mkubwa mmoja anakosea kosa moja, kosa linazaa jingine, na hakuna mjomba wa kuja kuokoa dakika za mwisho kama kwenye picha za Kihindi. Unatoka umelowa machozi, lakini kifua chepesi.

NANI KACHEZA?

Phèdre alichezwa na Helen Mirren, yule mama aliyechukua Oscar mwaka 2007 kwa kumwigiza Malkia Elizabeth kwenye filamu ya The Queen. Hippolytus alikuwa Dominic Cooper, kijana ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa akiimba kwenye filamu ya Mamma Mia! Yaya Oenone alichezwa na marehemu Margaret Tyzack, na Theseus akawa Stanley Townsend.

Na yule binti Aricia? Alikuwa Ruth Negga, binti aliyezaliwa Addis Ababa, baba Mhabeshi, mama Mwairishi. Wakati ule jina lake lilikuwa halijavuma. Miaka michache baadaye Hollywood nzima ikamjua, akateuliwa kugombea Oscar kwa filamu ya Loving. Kwa hiyo ukisikia Afrika haikuwemo siku ile, mkatalie.

Aliyewaongoza ni Nicholas Hytner, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa National Theatre. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, kwa tafsiri ya mshairi Ted Hughes.

KWA NINI SINEMA?

Sasa swali la msingi. Jumba wanalo, waigizaji wanao, tiketi zinauzika. Wanahangaika na sinema za nini?

Jibu la kwanza ni viti. Ukumbi wa Lyttelton, ulipochezwa Phèdre, una viti kama 890. Jioni moja wakijaa, watu 890 basi. Mchezo ukimalizika muda wake, umekwenda. Si kama filamu kwamba utaikuta kesho. Aliyeko kijijini kaskazini ya Scotland, nauli ya treni, chumba cha kulala London, tiketi, chakula, ukijumlisha ni pesa ya kumlipia mtoto ada. Tiketi ya sinema usiku ule kwa Uingereza ilikuwa pauni 10, na mtu anatoka na slipa anarudi nyumbani kwake.

Jibu la pili ni haki. National Theatre haiendeshwi kwa tiketi peke yake, inapata ruzuku kutoka mfuko wa umma. Kodi anakatwa fundi bomba wa Cornwall na mwalimu wa Newcastle, lakini wanaofaidi ni wa London na watalii. Ukilifikiria hilo utaona kumbe kurusha mchezo sinema si ukarimu. Ni kumrudishia mwenye chake.

Na jibu la tatu ndilo linalonifurahisha mimi mwandishi wako. Hawa tanzia walizitunga kwa ajili ya umati! Kisa cha Phèdre kilichezwa Athens mwaka 428 kabla ya Kristo, kilivyoandikwa na Euripides, kwenye uwanja wa wazi, maelfu ya watu wamekaa mlimani. Ilikuwa kama Simba na Yanga. Baadaye sana ndipo tanzia zikaingizwa kwenye kumbi za wenye suti na mapazia mekundu. Usiku ule wa 2009, Uingereza peke yake sinema zaidi ya 70 zilipokea matangazo, na ukijumlisha nchi nyingine na marudio ya siku zilizofuata, walioona walifika kama 50,000. Umati ulikuwa umerudishiwa mchezo wake.

MZEE RACINE ALIVYOCHEZEWA RAFU

Na kama unadhani viti si jambo la kufa na kupona, sikiliza mkasa uliompata Racine mwenyewe.

Paris, Januari 1677, Phèdre inaanza. Siku mbili baadaye, kwenye jumba jingine la mji huohuo, mwandishi mwingine anayeitwa Pradon anazindua mchezo wake wa kisa kilekile! Nyuma yake yuko mama mkubwa wa mjini, Mtemi wa kike wa Bouillon, aliyekuwa hampendi Racine hata kumwona. Inasimuliwa kwamba yule mama alimwaga pesa akanunua viti vizuri kwenye majumba yote mawili. Kwa Pradon akajaza washangiliaji wake. Kwa Racine akaviacha vitupu, mchezo uonekane umedoda.

Unaona fitina hiyo? Mwisho wake Pradon hakuna anayemkumbuka, na Phèdre ndiyo hiyo imevuka miaka zaidi ya 300. Ila Racine moyo ulimkufa. Kaacha kuandikia majumba ya Paris, kakaa kama miaka 12 ndipo akaandika mchezo mwingine, tena wa shule ya wasichana.

Leo tajiri gani atanunua viti vya sinema za dunia nzima aviache vitupu? Hayupo. Ukumbi mmoja unaweza kuhujumiwa, mia mbili ni ngoma nzito.

WANAFANYAJE?

Wengi wanafikiri ni kusimika kamera moja nyuma ya ukumbi, kama kaka wa video kwenye harusi, halafu basi. Hapana. Ukifanya hivyo watu watasinzia nusu saa ya kwanza.

Wanachofanya, wanang'oa viti kadhaa ukumbini na kupanga kamera kadhaa pembe tofauti, nyingine juu ya mkono mrefu unaopanda na kushuka. Kabla ya siku yenyewe, wanafanya mazoezi ya kamera, mchezo unachezwa, wapigapicha wanaandika nani anasimama wapi kwenye neno gani. Taa zinarekebishwa, kwa sababu jicho la binadamu linavumilia giza kuliko kamera. Rangi za usoni zinapunguzwa, maana poda inayopendeza ukiwa mstari wa 20, kwenye skrini kubwa inaonekana kama plasta. Maikrofoni zinafichwa.

Nje ya jumba linaegeshwa gari kubwa lililojaa televisheni ndogondogo. Humo ndani anakaa mwongozaji mwingine, siyo yule wa mchezo. Yeye kazi yake ni kuchagua: sasa tuone uso wa mama, sasa tuone jukwaa zima, sasa mikono. Picha inapaa kwenye setilaiti, inashuka kwenye dishi la sinema. Nchi ambazo saa zao zimepishana mno wanahifadhi na kuonyesha jioni yao, au siku nyingine.

Na ukumbini London watazamaji wapo kama kawaida. Hili ni la muhimu. Ukiwaondoa, umetengeneza filamu. Wakiwepo, mwigizaji anasikia wakicheka, anasikia wakinyamaza, anapanda na kushuka nao. Aliyeko sinema anakula mabaki ya joto hilo.

Si umeshawahi kuangalia ligi ya Uingereza kwenye kibanda pale Manzese? Hujakanyaga London, lakini goli likiingia unamkumbatia mtu usiyemjua. Ndiyo hiyohiyo. Kinachokushika si picha peke yake. Ni kujua kwamba jambo linatokea sasa hivi, na wala mchezaji mwenyewe hajui litaishaje. Kwenye tanzia watazamaji wanajua mwisho, atakufa. Wasichojua ni kama leo Helen Mirren atauweza.

HAWAKUWA WA KWANZA

Haki apewe mwenye haki. Wazo hili lina mababu.

Mwaka 1964, Richard Burton alikuwa anacheza Hamlet ya Shakespeare pale Broadway, New York, chini ya mwongozaji John Gielgud. Huyu Burton alikuwa moto wa kuotea mbali, kwa sababu Machi mwaka huohuo alifunga ndoa na Elizabeth Taylor, na mapenzi yao yalikuwa yameuza magazeti mpaka basi. Kila usiku nje ya jumba umati umefunga mtaa, wanataka kumwona bibi tu.

Wajanja wakaja na mtambo uitwao Electronovision. Wakairekodi Hamlet ikiwa jukwaani mbele ya watu, wakaionyesha kwenye sinema karibu 1,000 za Marekani, siku mbili tu za Septemba 1964. Siku mbili! Mkataba ulisema baada ya hapo nakala zote ziharibiwe, ili iwe kama mchezo wa kweli: ulikuwepo umeona, hukuwepo imekula kwako. Bahati nzuri Burton alikuwa mjanja. Baada ya kufa kwake mwaka 1984, nakala moja ikakutwa miongoni mwa vitu vyake. Ndiyo maana leo wajukuu wanaiona.

Halafu wakaja watu wa opera. Metropolitan Opera ya New York ilianza kurusha maonyesho yake laivu kwenye sinema tarehe 30 Desemba, 2006. National Theatre walikaa pembeni wakatazama, wakaona watu wanalipa kweli kuangalia watu wakiimba Kijerumani na Kiitaliano masaa matatu, wakasema na sisi tunaingia.

HAMLET ALIPOZUA KASHESHE

Kama Phèdre ilikuwa jaribio, Hamlet ya mwaka 2015 ilikuwa kimbunga. Benedict Cumberbatch, yule wa Sherlock kwenye televisheni, alitangazwa kucheza Hamlet kwenye ukumbi wa Barbican, London, chini ya mwongozaji Lyndsey Turner. Tiketi zilifunguliwa mwaka mzima kabla. Zikaisha siku hiyohiyo. Mabinti waliruka kutoka nchi za mbali, wengine wakalala kwenye foleni.

Wakaingia na simu. Wiki ya kwanza tu, Agosti 2015, Cumberbatch akatoka nje baada ya mchezo, akawaomba mashabiki kistaarabu waache kumrekodi, kwa kuwa akiwa jukwaani anaviona vile vitaa vyekundu vinamvuruga. Na ukweli ni kwamba hawakuwa na haja ya kurekodi. Tarehe 15 Oktoba, 2015, mchezo ukarushwa laivu, na watu wapatao 225,000 wakaona usiku mmoja. Piga hesabu: ni wengi kuliko wote walioingia Barbican kwa wiki 12 zote.

Mfano mwingine ni King Lear ya Derek Jacobi, Februari 2011. Ilichezwa kwenye kijumba kinaitwa Donmar Warehouse, viti 251, zamani lilikuwa ghala la kuivishia ndizi. Fikiria mzee analia kwa kumkumbatia binti yake aliyekufa, kwenye ghala la ndizi, na dunia inatazama.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Usidhani wote walipiga makofi. Wapo waliopandisha mori, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza walisema: mnaua majumba ya mikoani. Mtu wa mji mdogo akiwa na uwezo wa kumwona Helen Mirren kwa pauni 10, atakwenda kumwangalia mwigizaji wa pale mtaani wa nini? Hii ni hoja inayouma. Hata sisi tunaijua: tangu ligi ya Ulaya iingie vibandani, wangapi wanakwenda kuangalia timu ya mkoa?

Shirika la utafiti la NESTA la Uingereza likaifuatilia Phèdre kwa karibu, ripoti ikatoka 2010. Halikuona dalili kwamba sinema iliwapokonya majumba watazamaji wao. Na likakuta jambo lililowashangaza wengi: waliotazama sinema walieleza kuguswa zaidi hata ya waliokuwa ukumbini!

Inawezekanaje? Mimi naona ni uso. Ukiwa ukumbini mstari wa nyuma, Phèdre ni kidoti kinachopiga kelele. Sinemani kamera inasogea mpaka unaona kope zinatikisika pale anapoambiwa kijana anampenda mwingine. Ile sekunde anayoamua kunyamaza unaiona inavyopita. Ukumbini unaisikia tu baadaye.

Lakini wanaopinga wana hoja ya pili, na hii siwezi kuikana. Ukumbini macho ni yako. Phèdre analia kule, wewe unaamua kumtazama bibi Oenone kwenye kona, kwa sababu unajua ndiye mbaya wako. Sinemani yule bwana kwenye gari anakuchagulia. Asipotaka umwone bibi, humwoni. Na ukipiga makofi mwisho, mwigizaji hasikii, umeipigia turubai. Wapo wanaopiga hata hivyo, na mimi siwacheki.

Hoja ya tatu ni mastaa. Sinema inajaa akicheza Mirren, Cumberbatch au Tom Hiddleston, aliyecheza Coriolanus hapohapo Donmar na kurushwa Januari 2014. Mwigizaji mzuri asiye na jina nani atamrushia setilaiti? Hapa kazi bado ipo.

NA SISI TUMO

Sasa usije ukasema haya ni mambo ya Wazungu. Machi 2018 walirusha Julius Caesar kutoka Bridge Theatre, jumba jipya la London alilolianzisha yuleyule Hytner na mwenzake. Viti vya chini viliondolewa, watazamaji mamia wakasimama katikati kama wananchi wa Roma. Kaizari anapita katikati yao na kofia nyekundu, muziki unapigwa, bendera zinapepea, kama uko kwenye kampeni. Ben Whishaw akawa Brutus, na Cassius akachezwa na mwanamke, Michelle Fairley. Kaizari alipouawa, wale waliosimama walijikuta wamezungukwa na vita.

Mchezo huo ndio uleule Mwalimu Nyerere alioukalia akautafsiri kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka 1963, yeye akiwa Rais, halafu akaona hakijamridhisha, akakisahihisha kikatoka tena 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Rais wa nchi, mambo yote yale mezani, anatafuta neno la Kiswahili la kumpa Brutus! Naye Samuel Mushi akatupa Makbeth mwaka 1968. Waliona kwamba kisa cha mkubwa kulewa madaraka na rafiki kumgeuka si cha Waitaliano wala Waingereza peke yao.

Na ngozi yetu imo skrinini. Juni 2016, Royal Shakespeare Company ilirusha Hamlet ya Paapa Essiedu, kijana Mwingereza mwenye asili ya Ghana, na Denmark ya mle ilivalishwa rangi za Afrika Magharibi. Adrian Lester alirushwa akiwa Othello mwaka 2013. Giles Terera naye akaonekana sinemani kwa Othello mwaka 2023, safari hii mwongozaji Clint Dyer, mtu mweusi. Kwa miaka mingi Othello, mtu mweusi wa kwenye hadithi, alichezwa na Wazungu waliojipaka masizi. Sasa mpaka aliyeko mji mdogo usio na hata jumba la michezo anamwona Othello wa kweli. Hilo peke yake kwangu lina thamani ya tiketi.

CORONA ILIPOFUNGA MILANGO

Machi 2020 majumba yote yakafungwa, London giza. Zile picha zilizorekodiwa kwa ajili ya sinema ndizo zikawa akiba. Kuanzia Aprili 2020, National Theatre ikawa inaachia mchezo mmoja kila wiki bure kwenye YouTube, zikiwemo tanzia kama Coriolanus na Antony and Cleopatra. Desemba mwaka huohuo wakafungua huduma yao ya kulipia. Kama wangewasikiliza waliosema kamera ni haramu ukumbini, wangekuwa na nini cha kuonyesha?

Lakini angalia: simu si sinema. Ukiwa na simu kitandani, mama wa watu anakunywa sumu, wewe unajibu ujumbe wa shemeji. Sinemani taa zimezimwa, umelipa, jirani yako anavuta kamasi, huna pa kukimbilia. Tanzia inataka watu wakae pamoja gizani. Wagiriki walikaa juani, lakini walikaa pamoja.

TUFANYE NINI?

Mimi sina jumba wala setilaiti, nina kalamu. Ila najiuliza: vijana wetu wa Bagamoyo wanacheza michezo mizuri, inachezwa siku mbili tatu, aliyeko Mbagala hana habari, aliyeko Sumbawanga ndiyo kabisa. Kitabu cha Mwalimu kiko kabatini kinaliwa na mende. Na vibanda vya mpira viko kila mtaa, dishi lipo, benchi lipo, na Jumatatu mpaka Alhamisi vingi vinalala. Kamera nzuri siku hizi ziko mpaka kwa wapiga picha za kitchen party. Kinachokosekana ni nini, kama si mtu wa kusema tuanze?

Walioanza mwaka 2009 nao hawakuwa na uhakika. Walichukua kisa cha zamani, cha kusikitisha, hakina nyimbo, hakina mabomu, mashairi tupu kwa masaa mawili, wakasema twende nacho. Watu wakaja, kwa sababu mke aliyependa asipopaswa, bibi mwenye ushauri mbaya na baba aliyehukumu kwa hasira wako kila mji wenye nyumba na milango.

Haya, msomaji wangu. Ukitaka kujua kama kisa kina nguvu, msimulie jirani yako kwenye daladala habari za Phèdre, usimwambie ni mchezo. Uone kama hatapitiliza kituo chake.

Tukutane wiki ijayo.